Profesa akifa, tunamzika na nondo zake?

Leo tuache kidogo mpira na siasa za majukwaani, tuongee kuhusu maprofesa wetu waliotangulia mbele ya haki.

Hapa nchini profesa akifariki mambo huenda kwa ratiba ileile. Salamu za rambirambi zinatoka, wakubwa wanasema ameacha pengo lisilozibika, magazeti yanaweka picha, anazikwa. Baada ya wiki kimya. Sasa mimi nauliza, pengo la nini hasa? Msimamishe kijana yeyote mtaani umwulize marehemu aliandika nini, alitetea nini. Wengi watakujibu "si alikuwa profesa bwana", basi, imeisha hiyo.

Mimi niliishia kidato cha sita, Mlimani nimepita tu kwa daladala. Kwa hiyo naongea kama mtu wa nje ya uzio. Lakini wa nje nao wana hisa. Chuo kikuu cha umma kinaendeshwa kwa kodi, na kodi analipa hata mama anayeuza vitumbua, kila anaponunua sukari na mafuta ya kupikia. Ana haki ya kuuliza kilichopatikana.

Tumchukue Profesa Seithy Chachage, aliyefariki Julai 2006. Huyu alikuwa mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na aliwahi kuongoza UDASA, jumuiya ya wanataaluma wa pale. Mwaka 1993 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kuhusu uchimbaji wa madini Zimbabwe na Tanzania wakati wa yale mageuzi ya uchumi ya Benki ya Dunia na IMF. Upande wa Tanzania aliangalia dhahabu. Angalieni tarehe hiyo jamani. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001. Mzee alikuwa anachambua habari ya dhahabu yetu na nani anafaidika nayo kabla migodi hiyo mikubwa haijafunguliwa.

Halafu ikaja 2017. Rais Magufuli akazuia makontena ya mchanga wa madini, zikaundwa kamati mbili zilizoongozwa na maprofesa, na nchi nzima ikawa inaongea makinikia. Kila kijiwe cha kahawa kikawa na mtaalamu wa madini. Nilifuatilia sana ule mjadala na sikumsikia mtu mtaani akisema kwamba kuna Mtanzania aliandika habari hizi miaka 24 nyuma. Wangejuaje? Kitabu kilichapishwa Uppsala, Sweden, kwa Kiingereza. Tukaanza moja wakati kuna mtu alishatuhesabia mpaka mia.

Na Chachage mwenyewe alilijua tatizo hili, ndiyo maana namheshimu. Pamoja na tafiti zake aliandika riwaya nne za Kiswahili: Sudi ya Yohana, Kivuli, Almasi za Bandia, na ya mwisho Makuadi wa Soko Huria, iliyotoka 2002. Kuadi, kwa asiyelijua neno hili, ni yule anayemtafutia mwanamume kahaba ili naye apate chake. Sasa weka hilo neno mbele ya "soko huria" uone anamsema nani. Riwaya hiyo inagusa ule mradi mkubwa wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji, miaka ya 1990, ambao wanavijiji walikwenda mpaka mahakamani kuupinga na mwishowe haukufanyika. Huyo ni profesa anayeongea na wewe na mimi kwa lugha yetu.

Haya, kitafute sasa. Nimezunguka maduka ya vitabu na wale jamaa wanaopanga vitabu chini barabarani, nikaambulia "hicho hatuna, chukua hiki cha ujasiriamali". Najua kuna atakayesema tukiskani tukitupie kwenye mtandao, kwisha kazi. Taratibu. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa Chachage hiyo ni mpaka 2056. Wengine humu tutakuwa vikongwe! Na familia ina haki ya kupata chochote kutokana na jasho la mzee wao, mimi siwezi kuwapora. Maana yake ni kwamba bila familia, mchapishaji na chuo kukaa meza moja, kitabu kinabaki kifungoni ingawa hakuna aliyekifunga makusudi.

Inawezekana lakini. Profesa Haroub Othman alifariki Zanzibar Juni 28, 2009. Mwaka 2013 maandishi yake yalikusanywa yakawa kitabu kimoja, mhariri akiwa Profesa Saida Yahya-Othman. Ni cha Kiingereza, sawa, ila angalau kipo. Kubwa zaidi, Haroub aliacha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, alichokiasisi 1992, kinachosaidia watu wasio na pesa ya wakili. Mwananchi mwenye kesi ya shamba hahitaji kujua Haroub alikuwa nani ili afaidike na alichoacha. Kwangu mimi hiyo ndiyo kumbukumbu yenyewe.

Mwangalieni na Profesa Euphrase Kezilahabi. Alipofariki Januari 2020 alikuwa amefundisha Botswana miaka mingi, lakini watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo walimlilia. Kwa nini? Walisoma Rosa Mistika, kitabu cha 1971 ambacho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Kitabu kikiwa mikononi mwa watu, hata marufuku haikiui. Kinachokiua ni kutopatikana.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Profesa akifa, hotuba zipungue. Chuo, familia na mchapishaji wakubaliane mapema, kazi zake zichapwe upya kwa bei ya mwanafunzi au ziwekwe mtandaoni kwa ruhusa, na angalau tafiti moja muhimu itafsiriwe Kiswahili. Na walio hai tusiwangoje wafe. Kupanda cheo chuoni kunategemea sana makala za majarida ya kitaaluma, na mengi ni ya Kiingereza. Basi riwaya au kitabu cha Kiswahili kinachosomwa mtaani nacho kipewe uzito.

Mwenye nakala ya Makuadi wa Soko Huria anijulishe, niko tayari kuazima na nitarudisha. Nawasilisha.