Gari la haibridi lililokwenda mbali: tukae kwanza tuhesabu



Katika yadi za magari za mji wetu wa Goma, na hata ng'ambo ya mpaka kule Gisenyi, tunakutana siku hizi na gari dogo la Kijapani ambalo rangi yake ingali inang'aa, bei yake ni ya chini kuliko tulivyotazamia, na mlango wake wa nyuma umeandikwa neno Hybrid. Kipima kilomita kinaonyesha 180,000, pengine 240,000. Baba na mama wa familia wanatazamana. Akiba ya miaka imo mkononi. Je, walinunue au waliache?

Tunaona vema kulijadili swali hili hapa, kwa maana si swali la chuma na mafuta tu. Ni swali la karo ya watoto, la dawa za wazee, na la amani ya nyumba. Rai yetu ni hii: wingi wa kilomita peke yake si sababu ya kulikataa gari la namna hiyo, wala udogo wa bei si sababu ya kulichukua. Yapo mambo matatu yanayopaswa kuamua: hali ya betri yake kubwa, fundi atakayelihudumia hapa hapa kwetu, na fedha itakayobaki nyumbani baada ya kulilipa.

Tuanze kwa kueleza kitu chenyewe. Gari la haibridi lina injini ya petroli kama magari mengine, tena lina mota ya umeme na betri kubwa. Dereva anapokanyaga breki au kuteremka mlima, mota hugeuka kuwa jenereta na kuijaza betri. Gari likiondoka polepole, umeme ule ule hulisukuma na injini hupumzika. Haliunganishwi na umeme wa nyumbani. Toyota Prius, gari la kwanza la aina hii kuuzwa kwa wingi, lilianza kuuzwa Japani mnamo Desemba 1997. Ndugu yake mdogo, Toyota Aqua, alifuata Desemba 2011. Umri huo watosha kutuonyesha jinsi magari haya yanavyozeeka.

Nayo hayazeeki vibaya kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2011 jarida la wateja la Marekani, Consumer Reports, lilipima Prius ya mwaka 2002 iliyokuwa imekwenda zaidi ya kilomita 330,000 ikiwa na betri yake ya awali. Matumizi yake ya mafuta yalikuwa karibu sawa na yale ya gari kama hilo lilipopimwa likiwa jipya miaka kumi nyuma. Wala bei ndogo si lazima iwe dalili ya kasoro. Huko Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Wenye magari wengi huona heri kuliuza la zamani kuliko kulikagua tena. Ndiyo maana magari mazima hufika Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka huko hutufikia.

Lakini betri huzeeka kwa miaka na kwa joto kama inavyozeeka kwa kilomita. Betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina vipande 28 vilivyofuatana kama shanga katika uzi, na nguvu yake inapita volti 200. Kipande kimoja kikidhoofika, betri nzima huyumba. Betri hiyo hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Msomaji wa Goma ataelewa mara moja hatari iko wapi: vumbi. Vumbi la barabara zetu likiliziba tundu hilo, betri huchemka kimya kimya, na taa ya onyo huwaka wakati madhara yamekwisha kutendeka. Kwa upande mwingine tunayo neema ya mahali: mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na hewa yake ya baridi huihurumia betri kuliko joto la pwani.

Magari haya pia ni mafupi. Kati ya tumbo la Prius na ardhi kuna karibu sentimita 14 tu. Katika lami hilo si tatizo. Katika njia za mitaa iliyojengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, yale yaliyomwagika mjini Januari 2002, ni jambo la kupimwa kabla ya kulipa. Tena gari la haibridi halipendi kukaa bure. Betri yake huisha nguvu taratibu likiachwa uani miezi mingi, na sisi wa Goma tunajua kwamba zimewahi kuja nyakati ambazo magari hayakutoka.

Sasa tuhesabu. Tuchukue kwamba gari dogo la kawaida, katika msongamano wa Birere au wa Entrée Président, hunywa lita 8 kwa kilomita 100, na la haibridi hunywa lita 5. Tofauti ni lita 3. Dereva wa taksi anayekwenda kilomita 2,000 kwa mwezi ataokoa lita 60, yaani lita 720 kwa mwaka. Kwake yeye, hata akilazimika kununua betri nyingine, huenda mafuta aliyookoa yakailipa. Familia inayokwenda kazini, sokoni na kanisani, kilomita 300 kwa mwezi, itaokoa lita 9, yaani lita 108 kwa mwaka. Kila mmoja azidishe hesabu hiyo kwa bei ya mafuta ya juma hili, kisha amwulize fundi bei ya betri, alinganishe. Wengi wataona kwamba wasiosafiri sana wananunua hofu kubwa ili kuokoa mafuta machache. Kwa familia ya namna hiyo gari la petroli la kawaida, ambalo kila garaji ya mtaani inalifahamu, laweza kuwa uamuzi wa busara zaidi, hata kama linakunywa zaidi.

Hesabu hii ina uzito wa pekee kwetu leo. Tangu Januari 2025 benki za mji zilipofunga milango, akiba ya wengi wetu imekaa nyumbani, katika simu, katika likelemba na katika AVEC. Mtu akizitoa zote kwa siku moja ili alipe gari, hana mahali pa kukimbilia taa ya onyo ikiwaka mwezi unaofuata. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anatukumbusha habari za mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu kama anacho cha kuumalizia, asije akaweka msingi tu na kuchekwa na watu. Kwa gari la haibridi lililokwenda mbali, cha kumalizia ni betri. Asiyeweza kuweka kando bei yake siku ile ile ya kununua, huyo bado hajaweza kulinunua gari lenyewe.

Aliyekwisha kuhesabu na akaona anaweza, asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwanza aombe hati ya Kijapani ya kusafirisha gari nje, inayoonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi, na ailinganishe na kipima kilomita. Vipima hurudishwa nyuma kirahisi. Pili, aende na fundi mwenye mashine ya kusoma kasoro, inayoonyesha nguvu ya kila sehemu ya betri. Sehemu moja ikiachana mno na wenzake gari likiwa linapanda mlima, jibu limepatikana. Tatu, asiridhike na mzunguko mfupi wa yadi. Wapo wanaofuta maonyo kwa mashine asubuhi ya mauzo, nayo hurudi baada ya safari. Alipandishe gari kuelekea Munigi na Kibumba kwa muda wa kutosha, alirudishe, atazame mchoro wa betri: ukijaa na kuisha harakaharaka, betri imechoka. Nne, afungue tundu la feni, aone vumbi lake. Na asimsahau mwenzake betri: kizazi cha tatu cha Prius kinajulikana kwa kuunguza gasketi ya injini uzeeni. Maji ya kupoza yanayopungua bila kuvuja nje ni dalili ya kuliacha.

Jambo la fundi tunaliwekea mkazo. Volti 200 za umeme huua. Nyaya zake zimepakwa rangi ya chungwa ili kumwonya anayezigusa. Si haki kumtuma kijana anayejifunza ufundi afungue betri hiyo bila glovu za umeme na bila mafundisho, eti kwa sababu anatoza kidogo. Uhai wake hauwekwi katika mizani pamoja na bei ya gari letu. Tena kubadilisha kipande kimoja kwa kingine kilichotolewa katika gari lililokufa ni tiba ya muda. Kilicho karibu naye kina umri ule ule, nacho kitafuata.

Tumesema na wanunuzi. Lipo neno pia kwa wauzaji na makomisioneri, ambao baadhi yao husali nasi katika mashirika yetu. Anayeijua betri mbovu akanyamaza, anayerudisha nyuma kipima kilomita, anayefuta onyo saa moja kabla mteja hajafika, huyo hauzi, anachukua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inaihesabu katika makosa dhidi ya amri ya saba tabia ya kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako. Na katika mji uliopoteza mengi kama huu, fedha ya mjane au ya mwalimu aliyeikusanya kwa miaka haina ya pili yake. Kumwambia mteja, «Betri hii ni dhaifu, ndiyo maana bei ni hii,» hakumpunguzii muuzaji heshima. Mteja huyo atarudi, naye atawaleta wengine.

Basi tufanyeje? Anayesafiri kila siku kwa kazi, mwenye fundi anayemjua na bei ya betri pembeni, alitazame gari hilo bila woga, hata likiwa na kilomita 240,000. Asiye na kimoja kati ya hivyo aliache, wala asione haya kuendelea kupanda motari mwaka mmoja zaidi. Na wale miongoni mwetu wenye maarifa ya magari, wakiombwa, wamsindikize mwenzao hadi yadi bila kutaka asilimia kwa muuzaji. Asubuhi moja ya ndugu mwenye ujuzi yaweza kuokoa akiba ya miaka mitano ya nyumba nzima.