SOKO LA KARIAKOO NI AMANA



Sisi wenye viduka vya Temeke na Kinondoni riziki zetu twazichota Kariakoo. Soko kuu la pale lilichorwa na Mwafrika mwenzetu, Bwana Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, nalo lajulikana kwa paa lake la miavuli ya saruji. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza, na Serikali ikatoa fedha za kulikarabati. Hilo twalishukuru, bali halitoshi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. Lililo jipya zaidi hulindwa Waziri akilitangaza. Je, turathi ni ngome na maboma ya waliotutawala peke yake? Alichokijenga mwananchi kwa ajili ya muuza mchicha si turathi? Paa lile likivunjwa kesho kwa tamaa ya ghorofa, watoto wetu tutawaonyesha nini kuwa ni kazi ya akili zetu wenyewe?

Twamtaka Waziri alitangaze soko hilo, na jina la mchoraji liandikwe mlangoni. Mwacha asili ni mtumwa.

Wabillahi taufiki.