Usitupe Mbachao: Rai Yangu kwa Chumba cha Tarakilishi

Mwaka huu nina neno moja tu, nalo lahusu zile tarakilishi zilizorundikwa nyuma ya maabara yetu na kufunikwa turubai. Wengi wenu mwasema ati zimekufa. La hasha! Hazijafa. Ni mfumo wake tu uliozeeka.

Hebu tuelewane kwanza. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamka kabla ya nyingine zote. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, kusoma kibodi na kuonyesha picha kwenye skrini. Bila mfumo, tarakilishi ni sanduku la bati tu. Zetu zilikuwa na Windows 10, na tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo huo. Windows 11 nayo yataka kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine zetu kuukuu hazina. Basi ikasemwa dawa ni kununua mpya. Jamani, pesa ziko wapi? Wazazi wetu wanauza omena Kibuye, wanavua Dunga, wanaendesha bodaboda Kondele. Karo yenyewe ni taabu!

Dawa ipo, na ni ya bure. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo wake mwenyewe akiwa na miaka 21. Akauacha wazi ili watu wausome, waurekebishe na kuugawa. Huo ndio Linux. Leo simu zote za Android zina kiini hicho, kwa hivyo huenda unacho mfukoni bila kujua. Linux Mint, mmoja wa mifumo ya jamii hiyo, huhitaji kumbukumbu ya GB 2 tu, ingawa 4 ni raha zaidi.

Nasi Waafrika tumo. Ubuntu, uliotoka mwaka 2004, ulianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe maana yake ni utu. Mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wanachama wenzangu, hilo liliwezekana kwa kuwa programu yenyewe ilikuwa wazi, kila neno laweza kuguswa.

Tofauti ya mifumo hii naifananisha na mashua. Mfumo uliofungwa ni mashua ya abiria: unalipa, unapanda, lakini ubao huruhusiwi kuugusa. Linux ni mashua iliyo bado ufuoni Dunga: mbao waziona, misumari waiona, na ikivuja waweza kuiziba mwenyewe ama kumwita jirani.

Najua mtauliza, "Wee, na gemu je?" Mimi pia ni mpenzi wa gemu, sitawadanganya. Baadhi ya gemu kubwa hukataa Linux. Lakini Steam Deck, mashine ya gemu iliyotoka mwaka 2022, huendeshwa na Linux. Iko pia SuperTuxKart, mashindano ya magari, ambayo ni ya bure na msimbo wake u wazi. Waweza kubadilisha mwendo wa gari kisha uone matokeo. Babu zetu walipocheza ajua, walichimba vishimo wenyewe na kuokota kete wenyewe. Mbona sisi tuwe wa kulipa shilingi na kubonyeza tu?

Walimu wapendwa, naijua hofu yenu: mtihani wa KCSE na ofisi nyingi bado zinatumia Windows. Ni kweli. Kwa hivyo zile mashine nzima zibaki vivyo hivyo. Ninachoomba ni 5 kati ya zile kuukuu, flashi diski moja, na Jumamosi alasiri. Linux hujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani, basi hakuna kitakachopotea.

Tusidhani kwamba haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 2017 wasichana 5 wa Kisumu Girls, hapa hapa mjini, walifika California katika mashindano ya Technovation kwa programu yao ya simu, i-Cut, ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji. Wao hawakungoja kumaliza chuo kikuu. Je, sisi twangoja nini? Mwanafunzi asiyewahi kufungua mashine atamaliza Kidato cha Nne akijua kubofya tu, na kubofya hata mtoto wa chekechea ajua.

Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Turubai lile liondolewe, wenzangu. Mimi niko tayari Jumamosi hii. Wewe je?