Mashine ya Kupumulia Haitoshi Peke Yake

Kila mara janga linapozuka, jambo la kwanza linalodaiwa na umma ni mashine za kupumulia. Ndivyo ilivyokuwa mjini Kampala mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa Korona. Chuo Kikuu cha Makerere kikishirikiana na shirika la magari la Kiira kilibuni mashine iliyopewa jina la Bulamu, maana yake uhai. Juhudi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, mwezi wa Juni 2021, wimbi la pili lilipopamba moto, kilio kilichosikika katika hospitali nyingi kilikuwa cha oksijeni.

Funzo hilo lawahusu watoto zaidi ya watu wazima. Mtoto mchanga aliyeshikwa na kichomi huchoka upesi, kwa kuwa misuli ya kifua chake ni dhaifu na njia zake za hewa ni nyembamba. Akichoka, huacha kupumua. Wakati huo ndipo mashine huhitajika. Nayo nafasi ni finyu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulihesabu vyumba 12 tu vya wagonjwa mahututi vilivyokuwa vikifanya kazi Uganda nzima, vyenye jumla ya vitanda 55, na vingi vilikuwa Kampala.

Je, dawa yake ni kununua mashine nyingi? Historia yatujibu kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulikumbwa na ugonjwa wa kupooza, na mashine zilizokuwapo zilikuwa haba. Daktari Bjørn Ibsen alishauri watu watobolewe koo na kutiwa mrija, kisha wanafunzi wa udaktari wakae kando ya vitanda, mchana na usiku, wakiminya mfuko wa hewa kwa mikono. Vifo vilipungua sana. Kwa hiyo, msingi wa tiba hii tangu mwanzo ulikuwa mtu aliye macho kando ya mgonjwa. Mashine ilikuja baadaye kumpumzisha mikono, wala haikuja kuchukua nafasi ya macho yake.

Ushahidi wa siku zetu wathibitisha hayo. Ipo njia nyepesi isiyohitaji mrija wa kooni: hewa yenye oksijeni hupitishwa puani, na ncha ya mrija wa kutolea pumzi huzamishwa katika chupa ya maji. Uzito wa maji hayo huweka mgandamizo unaozuia vifuko vya mapafu visifumbe. Mjini Dhaka, katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015, watoto waliotibiwa hivyo walifariki 4 katika kila 100, na waliopewa oksijeni ya kawaida walifariki 15. Lakini katika hospitali moja ya wilaya nchini Malawi, ambako daktari hakuwapo kila siku, matokeo ya mwaka 2019 yaligeuka: walifariki 17 katika kila 100 kwa njia ya chupa, na 11 kwa oksijeni ya kawaida. Chombo kilikuwa cha namna ile ile, ila usimamizi ulitofautiana.

Hospitali ya Mulago nayo ilikuwa miongoni mwa zile zilizoshiriki uchunguzi mkubwa wa watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, uliotangazwa mwaka 2011. Ulidhihirisha kuwa kumwongezea maji ya mishipani kwa haraka mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, desturi iliyokuwa imeenea duniani, kuliongeza vifo. Basi tiba iliyosifiwa kwingine haina budi kupimwa hapa kwetu kwanza.

Haifuati kwamba Kampala isiwe na mashine. Mtoto aliyepasuliwa moyo, au aliyepoteza fahamu, huenda asiweze kuokolewa bila hiyo. Lakini kila mashine inaponunuliwa, maswali matano sharti yajibiwe: oksijeni itatoka wapi, umeme ukikatika itakuwaje, muuguzi yupi atakesha nayo, nani ataitengeneza ikiharibika, na mirija ya saizi ya mtoto itapatikana vipi. Mashine isiyo na majibu hayo ni samani ya gharama kubwa.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni kipima-oksijeni cha kidoleni katika kila zahanati, oksijeni isiyokatika, na muuguzi aliyefunzwa. Uganda yenyewe imekwisha kuonyesha, tangu majaribio ya Jinja, kwamba oksijeni yaweza kutengenezwa kwa nguvu za jua pale umeme unapositasita. Mtoto atakayepata oksijeni mapema huenda asifike kabisa kwenye mashine. Bajeti ya afya na ianzie hapo, kisha ipande ngazi kwa ngazi, na kila kitanda cha mtoto mahututi kihesabiwe pamoja na muuguzi wake.