Pembea ya Watoto Uani

Hakuna chombo cha kuchezea kilicho rahisi kama pembea: ubao mmoja, kamba mbili na tawi la mti. Kwa sababu ya urahisi huo wazazi wengi huidharau kazi yake. Baba hurudi kutoka kazini Jumamosi, akatwaa kamba iliyokuwa ikifungia ng'ombe, akairusha juu ya tawi lililo karibu, na kabla ya chai kuwa tayari watoto wanapembea. Baada ya miezi michache mama husikia kilio, na atokapo humkuta mtoto yu chini, mkono umevunjika. Tawi ni zima na ubao ni mzima. Kamba ndiyo iliyolika polepole mahali iliposugua gome, pale juu ambapo hapana mtu aliyepanda kutazama.

Basi jambo la kwanza la kufikiriwa ni nguvu. Pembea haichukui uzito wa mtoto peke yake. Apitapo chini kwa kasi, kamba huvutwa zaidi kuliko akiwa ameketi kimya. Mtoto wa kilo 30, akianzia pale kamba zilipoinuka digrii 60 kutoka wima, huzivuta kama mzigo wa kilo 60 apitapo chini kabisa. Tena watoto hupenda kupanda wawili wawili. Kwa hiyo yampasa mjenzi awafikirie watu wazima watatu, wala si mtoto mmoja.

Mwembe uliokomaa hufaa sana. Tawi na liwe bichi, lisilo na ufa wala tundu la mchwa, unene wake usipungue inchi 8, na kamba zifungwe mbali na shina kiasi cha futi 5. Mparachichi haufai, maana mti wake ni mwepesi kukatika. Na mkaratusi huweza kuangusha tawi ghafula hata siku isiyo na upepo. Asiye na mti uani aweza kusimamisha nguzo, lakini hiyo ni kazi ya kumwita seremala.

Ubao wa mvule ni mzuri, kwa kuwa hauozi upesi. Urefu wake uwe inchi 24, upana inchi 8, unene inchi 2. Upigwe randa, pembe ziviringwe, kisha usuguliwe kwa msasa ili usichome mapaja. Kila upande yatobolewe matundu mawili kwa keekee, inchi moja na nusu kutoka ukingoni. Kamba ishuke katika tundu moja, ipite chini ya ubao, ipande katika tundu la pili, ndipo ifungwe juu. Hivyo, hata ubao ukipata ufa, kamba itaushika kwa chini.

Kamba ya katani ni rahisi kupatikana. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani, na baadaye ukalimwa sana Kenya pia. Inafaa kamba yenye unene wa robo tatu za inchi. Lakini katani huoza kwa mvua, na huanza kuoza ndani huku nje ikionekana nzima. Nailoni hustahimili mvua zaidi, ila huteleza katika fundo. Kwa hiyo fundo lake na lizungushwe zaidi, na ncha iachwe ndefu kidogo. Penye tawi kamba ikazwe isisugue, na chini yake uwekwe mpira wa gari uliokwisha kazi. Kila mwaka ilegezwe, kwani tawi hunenepa.

Ubao uwe juu ya ardhi futi moja na nusu. Mbele na nyuma paachwe nafasi mara mbili ya kimo cha tawi, na kando futi 6, pasiwe na ukuta, seng'enge wala kinu. Chini pachimbwe, pajazwe mchanga wa kina cha inchi 12. Kamba isiachwe ikining'inia bila ubao, maana mtoto mdogo aweza kunaswa shingo.

Kazi ikiisha, baba na aketi kwanza yeye mwenyewe, apembee kwa nguvu. Kama anaona haya mbele ya majirani, ni haya ya dakika moja tu. Kama anaona hofu, basi watoto wasipande. Baada ya hapo, kila mwezi apande ngazi, azifunue nyuzi za kamba kwa vidole na kutazama ndani. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Lakini mfupa wa mtoto haujengwi kwa matofali.

Pembea iliyofungwa vema huwaweka watoto mbele ya macho ya mama yao, mbali na barabara na mto. Faida hiyo yastahili ubao mzuri, kamba mpya, na Jumamosi moja nzima.