Mtoto Hajabemendwa, Anaumwa

Siku binti yangu alipotimiza miezi saba, mizani ya kliniki ilisoma kilo 5.4. Alikuwa amening'inia ndani ya ile kaptula ya kitambaa, miguu imelegea kama soksi zilizoanikwa, na nesi akausubiri mshale utulie mara mbili akidhani umekosea. Haukukosea. Alizaliwa na kilo 3.1. Mtoto mwenye afya huwa ameshafikisha uzito wake wa kuzaliwa mara mbili akikaribia miezi mitano. Wa kwangu kwa miezi saba alikuwa bado hajafika. Nyuma yetu foleni ya kina mama ilinyamaza, ule unyamavu wa watu wanaolijua jambo, kisha mmoja akamwambia mwenzake, wala si kwa sauti ya chini sana: "Huyo wamembemenda."

Kwa msomaji ambaye neno hili halijamfikia, na sidhani kama ni wengi, inaaminika kwamba mtoto anayenyonya hudhoofika wazazi wake wakikutana kimwili mapema, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa kisha akambeba, au mama akishika mimba nyingine kabla huyu hajaacha ziwa. Mtoto hukonda, huharisha, shingo na miguu havikazi, kukaa na kutembea kunachelewa. Kwa Wamijikenda imani hii inaitwa chirwa. Waluo wana chira, pana zaidi lakini ya ukoo huohuo. Majina yanabadilika, mshtakiwa ni yuleyule.

Nasema bila kuzunguka: ni uongo, na si uongo wa kuchekesha kama ule wa kutofagia usiku usifukuze riziki. Huu unaua.

Sikiliza hata lugha yake. Mtoto akipata homa tunasema ameshikwa na homa. Akiharisha, anaharisha, basi. Lakini kubemendwa ni kitenzi cha kutendwa, na kinadai mtenda. Ukishatamka "amebemendwa" umefungua kesi, na swali linalofuata halitakuwa anaumwa nini, litakuwa ni nani kati yao. Kukonda kwa mtoto kunageuka ushahidi dhidi ya wazazi, na mzazi mwenye akili timamu hapeleki ushahidi dhidi yake mbele ya foleni ya watu. Ndiyo maana kina mama wanaacha kliniki. Mke wangu aliruka miezi miwili. Aliniambia mvua, nauli, mara kichwa. Alikuwa anaogopa mizani.

Mimi je? Mimi nilijijua. Sikuwa nimetoka nje, wala arobaini hatukuivunja. Ungedhani hilo lingenifanya niicheke imani yenyewe. Nimesoma, nina kazi ya ofisini, nikiulizwa mchana nitakwambia hayo ni mambo ya zamani. Usiku akili hufanya hesabu nyingine. Kama si mimi, basi ni yeye. Kwa muda wa wiki tatu hivi nilimtazama mke wangu kwa jicho ambalo naona haya kulikumbuka. Usiku mmoja alipokuwa akinyonyesha nilichukua simu yake nikaanza kusoma meseji: za kikoba, za dada yake wa Morogoro, za kijana anayeleta gesi. Aliniona. Hakusema neno, alimhamishia mtoto ziwa la pili tu. Mtoto akavuta mara nne, tano, akaliachia, akahema, na paji la uso wake lilikuwa limelowa jasho kama mtu aliyetoka kuchota maji bonde la pili. Nililiona lile jasho. Nilikuwa nimeshika simu, natafuta mwanamume.

Jasho lile ndilo lilikuwa jibu, na tulikuwa nalo ndani ya nyumba miezi mitano. Zahanati ya kwanza tuliyokwenda, mhudumu aliiangalia kadi, akatuangalia sisi, akasema vijana wa siku hizi hamna subira. Aliyekuja kutuokoa ni nesi mdogo wa kituo kingine, aliyeuliza swali ambalo hakuna shangazi, jirani wala mganga aliyewahi kuliuliza: "Akinyonya, anatoka jasho?" Daktari akaweka kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu, akatuandikia kwenda kupiga picha ya moyo. Kulikuwa na tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini.

Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndipo imani ya kubemenda inapopata nguvu zake. Wiki za mwanzo, mtoto mwenye tundu kubwa la namna hiyo anaweza kuonekana mzima kabisa. Mishipa ya mapafu ya mtoto mchanga bado ina shinikizo la juu, hivyo damu haipati mwanya wa kupenya tunduni kwa wingi. Shinikizo hilo hushuka taratibu, na kati ya wiki ya nne na ya nane damu inaanza kufurika upande wa mapafu. Mtoto anahema haraka, kunyonya kunakuwa kama kupanda mlima, na kile kidogo anachokipata kinaishia kwenye kuhema. Sasa hesabu siku. Arobaini inaangukia wiki ya sita. Ndipo mama anapotoka ndani, bibi anafunga mzigo kurudi kwake, na mume anarudishiwa chumba. Mtoto anaanza kudhoofika majira yaleyale wazazi wanapoanza tena kulala pamoja! Jirani anayetazama hajaota, ameona kitu cha kweli. Alichokosea ni kuunganisha, na kwa kuwa jibu lilikuwa tayari mdomoni hakuona haja ya kuuliza zaidi.

Maziwa hutengenezwa na titi lenyewe kutokana na damu ya mama, kwa amri ya homoni zinazoamshwa na mtoto mwenyewe anapovuta. Mbegu za mwanamume hazina njia ya kufika huko, ziwe za mume au za mtu mwingine. Na mama mwenye afya akishika mimba, maziwa yake hayageuki sumu. Anaweza kuendelea kunyonyesha.

Ila imani hii ina ujanja mmoja: inajitengenezea ushahidi. Mama anagundua ana mimba, mtoto ana miezi tisa. Anaambiwa maziwa yameharibika, anamnyang'anya ziwa siku hiyohiyo. Badala yake mtoto anapewa uji wa sembe, maji na sukari, kikombe kinachojaza tumbo bila kujenga mwili. Baada ya miezi michache miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundunyekundu, na mtaa unasema, si tulisema? Miaka ya 1930 daktari mzaliwa wa Jamaika, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alilikuta jina la hali hiyo kwa kina mama wa kabila la Ga, akalipeleka kwenye jarida la Lancet mwaka 1935: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto wa kwanza, wa pili anapozaliwa. Wale mama walikuwa wameona kilekile walichokiona wazee wetu. Williams akajiuliza huyu wa kwanza amenyimwa nini, akakuta ameachishwa ziwa na kupewa chakula cha mahindi matupu. Sisi tukajiuliza nani amelala na nani.

Najua utetezi unaokuja, nimeusikia kwa watu ninaowaheshimu: wazee walikuwa na hekima, waliweka mwiko ili uzazi upishane. Nakubali sehemu yake. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine, na wazee hawakuwa na sindano wala vipandikizi. Hofu ndiyo iliyokuwa njia yao ya uzazi wa mpango. Leo sindano zipo, vipandikizi vipo, na hofu haijastaafu, imebadili kazi tu, imekuwa ya kuwinda kina mama. Halafu tuulizane kiungwana: mwiko huo ulimlinda nani? Mke aliambiwa alale na mtoto, mume akaambiwa avumilie hadi mtoto aache ziwa, na mtaa mzima unajua wanaume wanavyovumilia.

Mume akirudi nyumbani na virusi vya UKIMWI, hapo mtoto anayenyonya yuko hatarini kweli, maana mama aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi vingi mwilini. Wapo wanaolishika hilo na kusema unaona, wazee walijua. Virusi havitoki kwa kuoga majani. Vina kipimo na vina dawa, na mama anayemeza dawa zake bila kuruka, na mtoto wake akapewa kinga yake, anaweza kunyonyesha mtoto akabaki salama. Mama aliyeitwa mzinzi mbele ya mawifi haendi kupima.

Kwa wanaopenda takwimu: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 42. Anayeamini kubemenda anieleze, je, ndoa zetu zimekuwa aminifu kiasi hicho ndani ya miaka 12? Na mikoa inayoongoza kwa udumavu ni Iringa, Njombe na Rukwa, kunakotoka mahindi na maharage tunayokula wote. Watu wa huko ndio wakware kuliko sisi wa Dar es Salaam? Sisi tunajijua.

Kuna upande wa pili wa uonevu huu, nao ni kwa watoto wasioumwa chochote. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya hatua za ukuaji baada ya kufuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Kutembea bila kushikwa kulianza popote kati ya miezi 8 na karibu 18. Wapo, kama wanne kwa kila mia, ambao hawakutambaa kwa mikono na magoti. Mtoto wa mwaka mmoja na mwezi ambaye bado anashika kiti hana kesi ya kujibu, wala mama yake. Aliye na miaka miwili hakai, shingo inaanguka, huyo huenda ana mtindio wa ubongo, na kila mwezi anaofungwa hirizi kiunoni ni mwezi wa mazoezi ya viungo aliopotezewa.

Wa kwangu alipasuliwa akiwa na miezi tisa. Zamani watoto wengi kama yeye walisubiri safari ya India. Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na matundu kama lile yanazibwa hapahapa nchini. Aliketi mwenyewe na miezi 11, juu ya mkeka, ndoo ya maji pembeni ili akiinama apate pa kushika. Mizani ikaanza kututendea haki. Alitembea na miezi 20, nje ya wakati wa vitabu vyote, hatua sita kutoka mlangoni hadi kwenye kanga ya shangazi yangu.

Shangazi huyo ndiye aliyekuja na chupa ya mizizi kutoka Muheza, tuoge mimi na mke wangu, mtoto anyweshwe kijiko. "Mwanangu, mngevumilia kidogo tu," alisema siku ile. Ndiye pia aliyeuza mbuzi wawili ili mtoto apasuliwe. Na mtoto alipomfikia miguuni, alimnyanyua, akapiga kigelegele, akanigeukia machozi yakimtoka: "Unaona? Dawa yangu imeshika."

Siku ile sikubishana naye. Nabishana naye leo, kwa heshima zote, kwa sababu mke wangu hajanisahaulisha ile simu, na kwa sababu katika mtaa wetu kuna mtoto mwingine ambaye mama yake ameacha kuja kliniki.

Wewe utakayekuwa kwenye foleni wiki ijayo, mizani ikisoma vibaya usimtazame mama mtu usoni ukitafuta dhambi. Muulize mtoto ananyonya kwa muda gani kabla ya kuchoka, anahemaje, anatoka jasho? Akikujibu ndiyo, mshikie mkoba, mwende wote kwa daktari.