Wanaosema Hatutaumia Walete Hesabu

Tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, zimeenea hoja kwamba kukatwa kwa fedha za kuzuia Ukimwi hakutatuumiza. Mmezisikia redioni, kwenye matatu za Kitale na kwenye foleni za kuuza mahindi hapa Moi's Bridge. Nimezipima moja moja. Hukumu ni yenu.

Ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nami naitaja bila kuipunguza: dawa za ARV bado zinatolewa, na anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake. Kwa hiyo tiba yenyewe ni kinga, na kinga nyingine ni anasa. Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Lakini kabla ya kumeza dawa lazima mtu ajue kwamba ana virusi, na anayemfikisha hapo ni mpimaji, mwelimishaji rika, au mama mshauri anayemfuata nyumbani mjamzito aliyekosa kliniki. Kote nchini, watu kama hao ni miongoni mwa walioambiwa wasirudi kazini. Njooni msimu wa mavuno, malori yakiwa yamejipanga nje ya maghala ya Bodi ya Nafaka, madereva na utingo wao wakilala chini ya turubai na biashara zote za usiku zikiwafuata. Pale hakuna foleni ya kuchukua dawa. Kuna watu ambao hawajapimwa.

Tena kisomeni kibali chenyewe cha Marekani cha Februari 2025, kilichoruhusu baadhi ya huduma za kuokoa maisha ziendelee. Vidonge vya PrEP, vinavyomkinga mtu asiye na virusi, viliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Yaani binti wa miaka 19 pale Matunda alistahili kukingwa akishapata mimba, si kabla. Anayeiita hiyo sera ya kuokoa maisha atueleze mimba iliingia kwa njia gani tofauti na ile inayopitisha virusi. Na miezi michache baadaye serikali hiyo hiyo ya Marekani ikaahidi kugharamia sindano mpya ya kinga, lenacapavir. Kama kinga ni anasa, sindano ni ya nini?

Hoja ya pili ina ujanja. Takwimu za taifa zinaonyesha maambukizi mapya yalipanda kutoka 16,752 mwaka 2023 hadi 19,991 mwaka 2024, fedha zikiwa bado zinaingia. Basi, wanasema, fedha hizo hazikuwa na kazi. Anayesema hivi amefungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho tu. Kurasa za nyuma zinaonyesha takriban maambukizi 100,000 mwaka 2013. Miaka kumi ya kushuka kwa jumla, kisha mwaka mmoja wa kupanda, na dawa wanayopendekeza ni kuondoa kile kilichokuwa kikishusha.

Wanapenda kuzungumza habari za kubana matumizi, basi tupige hesabu. Ongezeko hilo ni watu 3,239. Bei ya ARV za kawaida ilikwisha kushuka chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka; nitawapunguzia, tuseme 40. Zidisha kwa miaka 40 ya matibabu: kila mmoja dola 1,600, wote pamoja karibu milioni 5.2, zaidi ya shilingi milioni 650. Hiyo ni dawa tu. Sijagusa vipimo vya wingi wa virusi, mishahara ya matabibu, nauli, wala siku ambazo shamba linakosa palizi kwa sababu mwenyewe yuko kliniki. Kinga ina mwisho: mtu humeza PrEP akiwa kwenye hatari, ikipita anaacha. ARV hazina kuacha.

Ya tatu: fedha zililiwa na mashirika, magari makubwa na semina za Naivasha. Ubadhirifu ulikuwepo, wala sitautetea. Ila amri ya Januari haikukagua hesabu za mtu yeyote kabla ya kusimamisha kazi. Kama kosa lilikuwa gari, mbona aliyefutwa ni yule anayetembea kwa miguu?

Ya nne: tujitegemee, serikali na kaunti zitajaza pengo. Natamani sana. Lakini Abuja, mwaka 2001, tuliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti, na mpaka leo hatujafika. Mwaka 2021 shehena ya ARV tulizopewa bure ilikwama bandarini Mombasa kwa miezi, watu wakivutana juu ya kodi na nani azisambaze. Tulishindwa kutoa zawadi bandarini. Tutanunua kwa wakati? Na hapa kwetu ni kaunti ipi itakayolipa? Mji uko Uasin Gishu, Trans Nzoia iko pua na mdomo, Kakamega ni jirani. Kuna anayeogopa kuonekana kliniki ya nyumbani, kwa hiyo hupanda matatu hadi Kitale na kurudi na vidonge alivyovifungia pamba ili mkebe usilie kama kayamba njiani. Mpango wa AMPATH wa kutibu Ukimwi, ulioanzia Eldoret mwaka 2001, umekuwa ukihudumia watu wa kaunti nyingi. Bajeti ya gavana hukomea mpakani.

Huko Bungoma kuna hoja nyingine, ya majigambo: sisi tunatahiri. Ni kweli, utafiti wa Kisumu uliokatizwa Desemba 2006 ulionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa zaidi ya nusu. Hupunguza, haiondoi. Na dada za wale vijana wanaotahiriwa Agosti, kisu kinawasaidia nini?

Hao hao wanaotuambia tujitegemee waliusifu mkataba wa afya uliotiwa saini Washington tarehe 4 Desemba 2025: miaka mitano, dola bilioni 1.6 za Marekani na milioni 850 ambazo Kenya imeahidi kuongeza. Kati ya hizo milioni 850, ngapi zimetengewa kupima na kukinga? Wakijibu kwa tarakimu, nitaisoma upya hoja yao ya nne.